Tai na Mafundo Yake

Juma moja kabla ya harusi ya dada yake, kijana wa jirani yetu hapa Goma alikuja nyumbani kwangu jioni, ameshika tai mkononi. Tai yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa. Fundo lake lilikuwa dogo na gumu, limekazwa kama fundo la kamba ya mbuzi, na sehemu ya kuzunguka shingo ilikuwa imeingia mafuta ya watu wengi. "Papa," akaniambia, "nimeiazima kwa rafiki yangu. Ameniagiza nisiifungue hata kidogo, kwa maana naye aliipata imefungwa hivi hivi, na nyumbani kwao hakuna ajuaye kuifunga tena. Lakini kichwa changu hakipiti."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mwaka 1990 mimi nami nilisimama mbele ya mzee mmoja, tai mkononi, nikiwa na umri wa miaka 20, sijui niishike wapi. Wala si kwa uvivu. Nililelewa katika nchi ambamo tai ilikuwa imekatazwa na serikali. Vijana wa leo nikiwaambia hayo hudhani natania. Ndiyo sababu nimeona vema kuziandika habari hizi, tangu zilikoanzia huko mbali hata zilipofika kwetu Kivu.

Neno "tai" tumelipata kwa Waingereza, nalo latumika Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Sisi wa Kongo, tuliosomeshwa kwa Kifaransa, twasema zaidi kravati. Neno hili lina asili ya ajabu kidogo, kwa kuwa hapo kwanza halikuwa jina la nguo, lilikuwa jina la watu. Katika Vita ya Miaka Thelathini, iliyowaka Ulaya tangu 1618 hata 1648, mfalme wa Ufaransa aliajiri askari wapanda farasi kutoka Kroatia. Askari hao walivaa kitambaa shingoni, wakakifunga fundo mbele na kuacha ncha zining'inie. Wafaransa siku zile walizoea kola kubwa zilizotiwa wanga, ngumu kama sahani, zenye kuchafuka upesi na kumsumbua mtu vitani. Wakaona kitambaa cha Wakroati ni chepesi, tena kinapendeza. Wakakiiga, wakakipa jina la wenyewe: cravate, yaani cha Kikroati. Mfalme Louis wa 14 akakipenda, na alichokipenda Louis wa 14 kilivaliwa na mabwana wa Ulaya yote.

Basi msomaji aone jambo hili: nguo ambayo babu zetu waliiona shingoni mwa Bwana Mkubwa wa serikali, ilianza kama nguo ya askari wageni wa kukodiwa.

Kuna hadithi moja ya vita ambayo inatuhusu kidogo, maana mahali pake leo ni Ubelgiji. Tarehe 3 Agosti 1692, karibu na kijiji cha Steenkerque, jeshi la Wafaransa lilishambuliwa ghafula. Voltaire, aliyeandika habari za enzi hiyo baadaye, asema kwamba mabwana wa Kifaransa walizoea kutumia muda mwingi kuzipanga tai zao za lesi. Siku ile hawakupata nafasi, wakazizungusha ovyo shingoni na kukimbilia vitani. Walishinda. Kisha Paris nzima ikaanza kuvaa tai iliyosokotwa ovyo, hata wanawake, na mtindo huo ukaitwa kwa jina la kijiji kile. Uzembe wa asubuhi moja ukawa urembo wa miaka. Nadhani mitindo mingi ya nguo ilizaliwa hivyo, ila si yote iliyopata Voltaire wa kuiandika.

Mwanzoni mwa karne ya 19 kufunga tai kulikuwa kumegeuka kuwa kazi kabisa. Huko London aliishi George Brummell, aliyezaliwa 1778, mtu asiye mwana wa mfalme wala wa ukoo mkubwa, lakini mabwana walikwenda kumtazama akivaa. Kitambaa chake kilikuwa cheupe, kimetiwa wanga kidogo, na kama mkunjo mmoja ulikosea alikitupa na kuanza upya na kingine. Yasimuliwa kwamba mtumishi wake alikutwa akishuka ngazi na rundo la vitambaa vilivyokunjamana. Alipoulizwa akajibu kwamba hivyo ni vile vilivyoshindikana. Mwaka 1827 kilitoka Paris kitabu kidogo kilichofundisha kufunga tai kwa masomo 16. Mtu aliyekipiga chapa alikuwa kijana aitwaye Honoré de Balzac, aliyekuwa na kiwanda cha chapa kisichomletea faida. Baada ya kufilisika akaandika riwaya, na riwaya ndizo zilizomletea jina.

Karne ile ikaleta mashine, treni na maofisi, na karani wa ofisi hana mtumishi wa kumshikia vitambaa. Hapo ndipo ilipoanza tai tuijuayo sisi, ndefu na nyembamba, yenye fundo la haraka. Waingereza walilipa fundo hilo jina la gari la kukokotwa na farasi wanne; Wafaransa huliita tu fundo jepesi, na kwa jina hilo lilifika Kongo. Lakini tai za kwanza za namna hiyo zilikuwa na kasoro: zikifunguliwa zilibaki zimejikunja. Dawa yake ilipatikana New York katika miaka ya 1920, kwa mshonaji aitwaye Jesse Langsdorf. Alikata kitambaa mshazari badala ya kufuata uzi, akakishona kwa vipande vitatu. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka kidogo kikivutwa, na kikiachwa hurudi kunyooka. Kwa hiyo tai nzuri yataka kufunguliwa kila jioni ili ipumzike. Ile iliyoletwa kwangu na kijana wa jirani ilikuwa haijapumzika labda tangu iliponunuliwa.

Sasa tuje kwetu.

Katika Kongo ya Wabelgiji tai haikuletwa na wamisionari. Mapadre Weupe waliofundisha babu zetu kusoma hawakuwa na tai. Wao walivaa kanzu nyeupe na rozari shingoni. Tai ilikuja na ofisi. Alikuwa nayo bwana wa serikali, bwana wa posta, bwana wa kampuni ya kahawa. Na baada yao akawa nayo karani Mwafrika aliyeketi katika meza ya pembeni. Goma siku zile ilikuwa mji mdogo tu mpakani, ukitazamana na Gisenyi. Mji mkubwa wa Kivu ulikuwa Costermansville, ambao sasa ni Bukavu. Hata hivyo hali ya hewa ilikuwa upande wetu. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi, na asubuhi kuna baridi. Mtu wa Goma aweza kukaa na tai mchana kutwa bila kutoka jasho, jambo ambalo mtu wa Mombasa au wa Kinshasa hawezi kusema bila uongo.

Makarani hao, pamoja na walimu na waganga wasaidizi, Wabelgiji waliwaita évolués, yaani watu waliopiga hatua. Ilikuwa sifa, na ilikuwa tusi pia, maana mtu haambiwi amepiga hatua isipokuwa yule amwambiaye anajiona amekwisha kufika. Mwaka 1948 serikali ilianza kutoa kadi ya sifa ya uraia kwa Waafrika walioonekana wastahili, na mwaka 1952 ikaweka sheria ya kuwaandikisha wachache zaidi kuwa sawa na Wazungu mbele ya sheria. Kabla ya kumkubali mtu, wajumbe walifika nyumbani kwake. Walitazama jiko, choo na vitanda, wakamwuliza mke wake maswali, wakaangalia kama watu wa nyumba ile hula pamoja mezani. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, mji uitwao sasa Kisangani, aliandikishwa mwaka 1954. Hata kufika 1958, katika nchi nzima yenye mamilioni ya watu, wakuu wa jamaa walioandikishwa walizidi 200 kidogo tu.

Tai peke yake haikumpatia mtu kadi. Lakini tazama picha za watu wa siku zile: mwanamume amesimama mbele ya pazia la mpiga picha, mke wake ameketi kitini, na tai ya mume imenyooka kama mstari uliochorwa kwa rula. Hakuna hata mmoja aliyelegeza fundo. Mzungu wa siku zile aliweza kulegeza fundo lake saa tisa alasiri na akabaki bwana. Karani Mwafrika hakuthubutu.

Picha za mwaka 1960 zaonyesha habari hiyo hiyo. Wajumbe wa Kongo waliokwenda Brussels mwezi wa Januari, katika Mkutano wa Meza ya Duara, walivaa suti na tai karibu wote. Lumumba alipenda tai ya kipepeo, nayo pamoja na miwani yake ikawa alama ya uso wake hata katika michoro. Kijana mmoja mwandishi wa gazeti, aliyekuwa Brussels pia siku zile, naye alivaa suti na tai safi. Jina lake lilikuwa Joseph-Désiré Mobutu.

Miaka 12 baadaye Mobutu huyo huyo, sasa Rais, akaipiga marufuku. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire. Mwanzo wa 1972 ikaja amri ya majina: kila mtu aache jina la Kizungu achukue la mababu, na mapadre wakakatazwa kuwabatiza watoto kwa majina ya kigeni. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga siasa hiyo, akanyang'anywa nyumba yake, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Neno Bwana likaondolewa, tukaitana wananchi. Wanawake wakakatazwa suruali na nywele za bandia. Na wanaume wakaambiwa waache suti na tai, wavae abakosti. Jina hilo limefupishwa kutoka maneno ya Kifaransa "à bas le costume", yaani "suti na ianguke". Ilikuwa koti la kufungwa vifungo mpaka karibu na shingo, la mfano wa makoti ya viongozi wa China, lisilovaliwa na tai. Wakubwa walijaza nafasi ya shingoni kwa kitambaa cha hariri.

Hapa nisimame kidogo, maana kila nikifikiri jambo hili hunichekesha. Kitambaa laini, kinachozungushwa shingoni na kufungwa mbele: je, si ndicho kile kile walichovaa Wakroati wa Louis wa 14? Ili kuiepuka tai ya Ulaya, wakubwa wa Zaire walirudi nyuma miaka mia tatu na kuvaa babu yake tai. Tena abakosti za fahari nyingine zilishonwa Ubelgiji, huko Zellik karibu na Brussels, na kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Sitaki kumwonea mtu. Fikira ya kwamba Mwafrika asiuone mwili wake kuwa mzuri tu akivaa kama aliyemtawala, si fikira ya kudharauliwa. Hata mahali pengine Afrika viongozi waliacha tai wakati ule: Nyerere alivaa koti lake la kola fupi, na Kaunda wa Zambia jina lake likakaa juu ya suti ya mikono mifupi mpaka leo. Lakini Tanzania karani aliyetaka tai alivaa tai. Kwetu ilikuwa ni amri, na askari wa barabarani ndiye aliyekuwa mwalimu wa uasili. Na tusidhani kwamba amri za shingoni ni ugonjwa wa Zaire peke yake. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alitangaza kwamba suti ya Kaunda haiingii bungeni. Kwetu tai ilimtia mtu mashakani. Nairobi hamsini baadaye asiye nayo ndiye aliyebaki mlangoni.

Walikuwako waliokaidi. Vijana wa Kinshasa, wale walioitwa wa Sape, walivaa suti na tai za Ulaya kwa ubishi wa furaha, na mwanamuziki Papa Wemba ndiye aliyekuwa kama mfalme wao. Lakini Goma si Kinshasa. Kwetu watu walizikunja tai zao wakaziweka, au wakazikata kuwa mikanda ya watoto. Nami nilizikuta mbili nyumbani zimefungia godoro.

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Alilia mbele ya watu, na wengi wakumbuka machozi yale kuliko maneno. Katika hotuba hiyo hiyo alisema pia kwamba tangu sasa mtu aweza kuitwa Bwana tena, na kwamba atakaye avae suti na tai. (Papa Wemba alifariki Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, siku ile ile baada ya miaka 26. Sina la kuongeza juu ya hilo, ila hunijia kila mwezi wa nne.) Mobutu mwenyewe hakuirudia tai. Aliondoka Kinshasa mwaka 1997, akafa Rabat, huko Morocco, mwezi Septemba mwaka huo.

Mwezi wa Agosti 1990 kaka yangu mkubwa alikuwa akioa. Akasema ataoa na tai, kama baba alivyooa. Tai tukaipata sokoni katika nguo za chagua, nyekundu yenye vidoa vyeupe, karibu mpya. Ndipo tulipogundua kwamba nyumba nzima haijui kuifunga. Baba alikuwa amefariki. Wajomba walikuwa vijana wadogo mwaka 1972. Kaka alijaribu kuifunga kama kamba ya kiatu, kisha kama mfuko wa maharagwe. Mama aliketi pembeni akisema tu, "Baba yenu aliifanya upesi, sikuwahi kutazama mikono yake." Sauti yake ndiyo iliyonitoa nje usiku ule kwenda Birere, kwa mzee mmoja aliyekuwa karani zamani za Wabelgiji.

Mzee alinisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na tai 11, kila moja imeviringwa kama utepe, zikinuka naftalini. Hakuna hata moja iliyokuwa na fundo. Nikamwuliza kama mikono yake bado yakumbuka. Akasema kwamba kila mwaka siku ya Noeli, hata baada ya serikali kuiondoa katika sikukuu za nchi mwaka 1974, alifunga mlango na dirisha, akavaa tai moja mbele ya kioo, akala na mke wake, kisha akaivua. Hivyo kwa miaka 18. "Wewe ungekuwa mtoto wa kuongea ovyo," akaniambia, "nisingekueleza hata leo."

Basi akanifundisha. Nami nalieleza hapa fundo jepesi kama alivyonieleza, ili msomaji aliye na tai imefungwa ukutani apate ujasiri wa kuifungua. Simama wima, pandisha kola. Weka tai shingoni, upande mpana uwe kulia kwako, nao ushuke kuliko mwembamba kwa shibiri moja na nusu. Pitisha mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto. Urudishe kulia kwa chini ya mwembamba. Uvushe tena kushoto kwa juu, na mkunjo huu wa mwisho usiukaze, maana ndio mlango. Sasa upenyeze mpana kutoka chini ndani ya kitanzi cha shingoni, uutoe juu, kisha uushushe ndani ya ule mlango. Shika mwembamba kwa mkono mmoja, sukuma fundo juu taratibu kwa mwingine. Ncha ifike kwenye mkanda. Ikiishia tumboni ulianza fupi, ikipita mkanda ulianza ndefu, nawe anza tena. Mzee alibonyeza kidole chini ya fundo akaacha kishimo kidogo. Alisema hicho ndicho kilichowatenganisha makarani na wale waliofungiwa na wake zao.

Nilifungua na kufunga mpaka taa ikaisha mafuta. Katikati ya somo nilimwuliza, kwa utovu wa adabu wa ujana, kama haoni haya kupenda hivyo nguo ya Mzungu. Hakukasirika. Alinisimulia kwamba alipokuwa kijana mkubwa mmoja wa ofisini, Mbelgiji, alimshika tai mbele ya wenzake, akaivuta kama mtu avutaye kamba ya kengele, akauliza ameiba wapi. Alikuwa ameinunua kwa mshahara wa juma mbili. Hakujibu. Jioni aliinyoosha kwa pasi, asubuhi akaivaa ile ile. "Yule aliivuta, na huyu ameikataza," akasema. "Lete mkono wako, umekosea kulia na kushoto."

Aliyajua pia mafundo makubwa mawili, na jina lao, Windsor. Latokana na Edward wa 8, aliyeuacha ufalme wa Uingereza mwaka 1936 na kuitwa tangu hapo Duke wa Windsor. Watu waliona fundo lake ni nene, wakatafuta namna ya kulifanya kwa kuzungusha kitambaa mara nyingi zaidi: katika nusu-Windsor upande mpana hupenyezwa katika kitanzi cha shingoni upande mmoja kwanza, na katika Windsor kamili pande zote mbili, ndipo livuke mbele na kufungwa. Matokeo ni pembetatu pana iliyo sawa kulia na kushoto, wakati fundo jepesi huelekea kulala kidogo upande. Lakini Duke mwenyewe alieleza kwamba hakutumia fundo hilo hata siku moja. Alifunga fundo la kawaida, ila tai zake zilishonwa kwa kitambaa kinene. Mzee wangu wa Birere hakulijua jambo hilo, na ningependa kumwambia. Alilichukia fundo la Windsor. Alisema ni fundo la mtu anayetaka kuonekana tangu ng'ambo ya ziwa.

Je, mafundo ya tai ni mangapi yote? Swali hili liliulizwa kwa hesabu hasa na wataalamu wawili wa fizikia wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, nao wakaandika jibu lao katika gazeti la sayansi Nature mwaka 1999. Waliona kwamba upande mpana una njia tatu tu za kwenda, yaani kushoto, kulia, na katikati juu ya kitanzi, na kwamba haurudi mahali ulipotoka hatua iliyotangulia. Fundo fupi lina hatua tatu, na baada ya hatua tisa tai ya kawaida huwa imekwisha urefu. Wakahesabu: hatua tatu zatoa fundo 1, nne fundo 1, tano mafundo 3, sita 5, saba 11, nane 21, tisa 43. Jumla 85. Kati ya hayo, yaliyokuwa yakivaliwa na watu wengi yalikuwa manne tu: fundo jepesi la hatua nne, lile la Pratt la hatua tano lililopata sifa Marekani mwaka 1989, nusu-Windsor la hatua sita, na Windsor la hatua nane. Baadaye, mwaka 2015, wanahesabu wengine waliongeza mafundo yanayofungwa kwa upande mwembamba, wakapata zaidi ya 260,000. Hayo siwezi kuyasifu. Mwenye kujua moja vizuri atafika harusini kwa wakati.

Kaka yangu alifika kwa wakati. Fundo nililifunga mimi, na kishimo kidogo chini yake nilikibonyeza mimi, na mama aliniangalia mikono tangu mwanzo hata mwisho.

Mzee wa Birere alifariki baada ya miaka michache, mkebe ukabaki kwa binti yake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, moto wa mlima ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani, ukala maelfu ya nyumba, na kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu pia. Nyumba ya Birere ilikuwa njiani. Binti aliniambia tulipokutana Gisenyi kwamba aliwatoa watoto na sufuria mbili, na kwamba alifikiri juu ya mkebe wakati alipokwisha kuvuka mpaka. Zimebaki tai zile tatu alizonipa mzee siku ya harusi. Moja ni ya kijani iliyokolea, imeanza kuchakaa ukingoni.

Ile ya kijana wa jirani tulihangaika nayo kwa kijiti cha kiberiti karibu robo saa kabla fundo halijalegea. Ilipofunguka ilibaki imejikunja mahali pa fundo kama mkono uliokaa muda mrefu katika bendeji, nikaipiga pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa chenye maji. Kisha nikampa ikiwa imenyooka, nami nikachukua ile ya kijani, tukasimama mbele ya kioo kimoja. Alikosea kulia na kushoto. Mara tatu ncha iliishia juu ya kitovu chake, na mara ya nne ikafika kwenye mkanda. Alitaka kuondoka nayo vile vile shingoni, nikamwambia aivue aifungue, harusi ni Jumamosi.